Sikah ya Nani? Uchambuzi wa Kisa cha Ganuni na Okestra mjini Cairo

Kisa hiki kilitokea mjini Cairo, nami nilikuwamo. Majina ya wahusika, mwaka, okestra, ukumbi na utunzi wenyewe yameondolewa, na mambo machache madogo yamebadilishwa ili mtu yeyote asitambulike; lakini mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi nimeviacha kama nilivyovishuhudia. Kazi yangu ilikuwa kuandaa vitabu vya nota vya wapigaji na kukaa mazoezini kurekebisha kila kilichobadilishwa, kwa hiyo nilisikia mabishano yote bila ya kuwa na sauti katika mengi yao.

## Usuli

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa ganuni ni nini, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani na kudonolewa kwa vidole. Kikundi cha Ikhwani Safaa cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilijifunza mengi kutoka Misri, na hadi leo ganuni, udi, nai (filimbi ya mwanzi), fidla na rika (tari ndogo) hukaa pamoja katika taarab bila ya kugombana. Nilipofika Cairo nilidhani kwamba ugomvi wa ala hizi na okestra ya Kizungu ungekuwa jambo jipya kwa Wamisri kama lilivyokuwa kwangu. Kumbe ni ugomvi wa zamani, uliowekewa hata vikao rasmi.

Mwaka 1932, Mfalme Fuad wa Kwanza aliitisha mjini Cairo Mkutano wa Muziki wa Kiarabu, uliohudhuriwa pia na watunzi wa Ulaya kama Béla Bartók na Paul Hindemith. Wajumbe walijadili kama piano na ala nyingine za Ulaya zinafaa katika muziki wa Kiarabu, na kama ngazi ya sauti igawanywe katika robo toni (nusu ya nusu toni) 24 zilizo sawasawa. Kuhusu mgawanyo huo hawakuafikiana, na moja ya sauti zilizobishaniwa ilikuwa sikah, yaani ile mi iliyoshushwa kidogo ambayo kwenye piano haipo, kwa kuwa imelala baina ya kibao cheupe na cheusi.

Watunzi wa Misri walioandika kwa ajili ya okestra walilijibu tatizo hilo kwa njia tofauti. Katika kizazi cha kwanza walikuwamo Yusef Greiss, Hasan Rashid na Abu Bakr Khairat, ambaye kwa taaluma alikuwa msanifu majengo na ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Konsevatori ya Cairo ilipoanzishwa mwaka 1959. Njia iliyokuwa nyepesi zaidi ilikuwa kuchagua maqamu (mienendo ya sauti ambayo nyimbo za Kiarabu hujengwa juu yake) zisizo na robo toni, kama vile nahawand, kurd na hijaz, kwa sababu hizo hupigika kwenye piano na kwenye kila ala ya okestra. Baada yao alikuja Gamal Abdel-Rahim, aliyesoma Freiburg, Ujerumani, kwa Harald Genzmer, na ambaye hakutaka kuitandika harmonia ya Ulaya, yaani sauti zipigwazo kwa pamoja, chini ya wimbo wa Kiarabu kama mkeka chini ya mgeni. Aliitafuta harmonia ndani ya maqamu yenyewe. Mtunzi wa kisa hiki alisomeshwa na mwalimu aliyetoka katika mkondo huo wa Abdel-Rahim, na jambo hilo linaeleza kwa nini hakukubali njia nyepesi.

## Kazi iliyokusudiwa

Mtunzi aliagizwa utunzi wa dakika 21 hivi kwa ajili ya ganuni, nai na okestra ndogo yenye ala za nyuzi, filimbi mbili za Kizungu, kinubi na piano. Alipewa miezi tisa ya kuandika na mazoezi manne ya saa tatu tatu. Onyesho lingerekodiwa ili lirushwe na kituo cha redio kilichotenga dakika 22.

Sehemu ya kwanza aliiandika katika nahawand inayoanzia do, na ya tatu katika hijaz inayoanzia re. Hizo hazikuwa na tatizo kubwa. Moyo wa kazi ulikuwa sehemu ya pili, iliyoandikwa katika rast inayoanzia do, ambayo katikati hugeuka kuwa bayati inayoanzia re kisha hurudi rast. Maqamu hizo mbili zote zina sikah, na mtunzi alitaka fidla, viola na selo ziijenge kwa sauti tatu zipigwazo kwa pamoja: do, sikah na sol. Alinieleza kwamba sauti hizo tatu si za furaha kama za meja wala za huzuni kama za maina, bali ni mlango wa tatu ambao muziki wa Ulaya haukuwahi kuufungua. Nilipoona karatasi zake nilivutiwa, na bado navutiwa nikizitazama. Karatasini mlango huo uko wazi kabisa.

Sikah aliiandika kwa alama ya robo toni na juu yake akaweka maelezo: senti 50 chini ya mi ya kawaida, ambapo senti 100 ni nusu toni moja. Mpigaji wa ganuni alipelekewa nota zake wiki tatu kabla ya zoezi la kwanza. Hakuitwa kabla ya hapo.

## Zoezi la kwanza na la pili

Tatizo la kwanza lilijitokeza hata kabla ya sauti kupigwa. Mpigaji wa kinubi alifungua kitabu chake na kuuliza nyuzi zake zilinganishwe vipi. Kinubi cha okestra kina pedali saba, moja kwa kila sauti, na kila pedali huzipandisha au huzishusha nyuzi zote za sauti hiyo kwa nusu toni. Ikiwa nyuzi za mi na za si zitalegezwa kwa robo toni ili rast ipatikane, basi mi na si zilizoshushwa nusu toni, zinazohitajika katika nahawand na hijaz, zitakuwa chini mno na hazitafaa, na kuzilinganisha upya baina ya sehemu na sehemu hadhira ikisubiri haikuwezekana. Mtunzi aliamua papo hapo kwamba kinubi kibaki katika sehemu ya pili peke yake na kwamba kazi zake nyingine zihamishiwe kwenye piano. Nilikesha usiku huo nikiandika nota za piano upya.

Tatizo la nai lilikuwa la aina hiyo hiyo. Mpigaji wa nai hubeba nai kadhaa za urefu tofauti, kila moja ikiwa na sauti yake ya msingi, na huchagua ile inayoifaa maqamu. Katika sehemu ya tatu mtunzi alikuwa ameipandisha hijaz kutoka re hadi nusu toni juu yake, kama wafanyavyo watunzi wa Ulaya ili kuzidisha msisimko, na alikuwa ameacha vipimo viwili tu vya kimya, yaani kama sekunde nne, ili mpigaji abadilishe ala. Mpigaji, mzee mwenye subira, alionyesha kwa vitendo kwamba muda huo unamtosha kuiweka ile ya kwanza chini. Vipimo viwili vikawa vinane, na fidla zikapewa la kufanya humo.

Sehemu ya pili ilipoanza, tulifika vipimo sita tu. Mwongozaji alisimamisha okestra, akataka sauti zile tatu peke yake, akazisikiliza, akazitaka tena. Zilikuwa zinapigana. Kwenye safu ya fidla walikuwamo wapigaji waliokulia katika vikundi vya muziki wa Kiarabu, ambao kidole chao hukiona mahali pa sikah bila ya kufikiri, na walikuwamo wenzao waliofundishwa muziki wa Ulaya tangu utoto, ambao kwao alama ile ilikuwa hesabu ya kukokotoa. Kundi la kwanza lilikuwa juu kidogo ya senti 50 zilizoandikwa. La pili lilikuwa linayumba, na kwa kutetemesha kidole, kama wafanyavyo daima, lilizidi kuiyumbisha sauti.

Mwongozaji aliamuru watumie programu ya simu inayopima sauti. Simu zikawekwa kwenye vishikilia nota, na baada ya karibu saa nzima safu yote ikaipata ile senti 50 kwa usahihi wa kupendeza. Kisha ganuni ikaingia na wimbo wake.

Nakumbuka uso wa kiongozi wa fidla. Ganuni ilisikika kana kwamba imeharibika, ingawa hapakuwa na mtu mle ndani aliyeijua rast kuliko aliyeishika. Mwongozaji, kwa adabu, alimwomba mpigaji azitazame tena urab zake, yaani vile vipande vidogo vya chuma vinavyofupisha nyuzi za ganuni ili kubadilisha sauti. Mpigaji akajibu kwamba zipo mahali pake, kwamba sikah ya rast ndiyo hii, na kwamba wakifika kwenye bayati ataishusha kidogo kwa kuwa sikah ya bayati hukaa chini zaidi. Mtunzi alikuwa ameziandika mbili hizo kwa alama moja, na kwa hesabu moja.

## Uamuzi wa usiku ule

Baada ya zoezi la pili walikaa watu watatu: mtunzi, mwongozaji na mpigaji wa ganuni, mimi nilikuwapo na penseli. Njia tatu ziliwekwa mezani. Ya kwanza ilikuwa kumlazimisha mpigaji wa ganuni afuate senti 50, jambo ambalo mwenyewe alisema anaweza kulifanya, lakini akaongeza kwamba hatakuwa anapiga rast. Ya pili ilikuwa kuifuta sehemu ya pili na kuiandika katika maqamu isiyo na robo toni. Muda haukuruhusu, na mtunzi hakutaka hata kulisikia. Ya tatu, iliyochukuliwa, ilikuwa kubadilisha mwenye kipimo: simu zizimwe, ganuni itangulie, kiongozi wa fidla amfuate mpigaji wa ganuni kwa sikio, na safu imfuate kiongozi wake, bila ya kutetemesha kidole popote penye sikah.

Lakini hilo halikutosha, kwa sababu kumi na wawili wakimfuata mmoja kwa sikio hawafiki wote mahali pamoja, na tofauti ndogo ambayo katika wimbo mmoja huleta utamu, katika sauti tatu zinazoshikiliwa pamoja huleta kelele. Hapo ndipo mtunzi alipofanya uamuzi ambao kwa maoni yangu ulimgharimu zaidi ya mwingine wowote. Aliiondoa sikah katika sauti zote zinazoshikiliwa. Selo na besi kubwa zikabaki na do na sol, viola zikapata fa hapa na pale, na sikah ikaachiwa wimbo peke yake. Ule mlango wa tatu ukafungwa kwa mistari ya penseli yangu, ukurasa baada ya ukurasa.

Katika zoezi la tatu sehemu ya pili ilisikika vizuri kwa mara ya kwanza. Mtunzi aliketi nyuma ya ukumbi na hakusema neno.

## Taqsimu

Katikati ya sehemu ya pili palikuwa na taqsimu ya ganuni (kifungu cha mpigaji mmoja ambacho kwa kawaida hubuniwa papo hapo), ambayo mtunzi aliiandika yote, nota kwa nota, kwa hofu kwamba okestra isingejua lini irudi. Mpigaji aliisoma kwa usahihi, na ilikuwa kama mtu anayesoma barua yake ya mapenzi mbele ya hakimu. Kwa kuwa uamuzi kuhusu sikah ulikuwa umeshamweka yeye kuwa kipimo, safari hii halikuwa jambo la kubishaniwa sana: nota zilifutwa, akapewa sekunde 90, okestra ishikilie do chini yake, na ikakubaliwa kwamba arudi kwa qafla ya rast, yaani kile kifungu cha kufungia ambacho kila aliyezoea muziki huu hukitambua. Mwongozaji, ambaye hakukizoea, alikaa na mpigaji nusu saa hadi akakijua.

Suala la kipaza sauti lilimalizwa kwa haraka na vibaya. Utawala wa okestra ulishikilia kwamba ala za simfonia hazipigiwi vipaza sauti, hadi katika zoezi la mwisho ganuni ilipomezwa na fidla katika sehemu ya tatu. Kipaza kimoja kikaletwa bila ya muda wa kukijaribu.

## Usiku wa onyesho

Ukumbi ulikuwa na hadhira za aina mbili, na hili halikuwa limefikiriwa na yeyote kati yetu. Wako waliokuja kwa ajili ya okestra, wanaokaa kimya hadi mwisho, na wako waliokuja kwa ajili ya ganuni. Sehemu ya kwanza ilipita salama. Katika sehemu ya pili, mpigaji alipoingia katika taqsimu na kugusa bayati kwa ile sikah yake ya chini, mtu mmoja alisema «Allah!» kwa sauti, na mwingine akamjibu. Walio mbele waligeuka na kuwanyamazisha. Mpigaji alisikia yote mawili, akamchagua yule wa kwanza.

Sekunde 90 zikapita. Akaingia katika maqamu iitwayo saba, akatoka, akatembelea nahawand kwa muda mfupi kana kwamba anawasalimu watu wa sehemu ya kwanza, akarudi rast, na kila mara alipokaribia qafla aliikwepa na ukumbi ukapumua. Selo zilishikilia do kwa muda mrefu hadi nikaona wapigaji wakigeuza mwelekeo wa pinde zao kwa zamu ili sauti isikatike. Ilichukua karibu dakika nne. Qafla ilipokuja, mwongozaji aliitambua mara moja, mkono ukashuka, na okestra ikaingia pamoja kama mlango unaofungwa vizuri. Hata wale waliokuwa wananyamazisha wenzao walipiga makofi hapo hapo, kabla ya sehemu kwisha.

Sehemu ya tatu iliathiriwa na kipaza sauti, kilichoifanya ganuni isikike kama ipo chumba kingine. Na siku chache baadaye redio ilirusha rekodi iliyokatwa ili itoshe dakika 22: taqsimu ilipunguzwa katikati, na kilichokatwa ni pamoja na qafla, hivyo msikilizaji wa nyumbani aliisikia okestra ikirudi bila ya kuitwa.

## Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa kuchanganya mitindo miwili, wala si kweli, kama baadhi ya wapigaji walivyonong'ona, kwamba rast na okestra haziwezi kukaa pamoja. Kosa lilikuwa kuichukua maqamu kama ngazi ya sauti, na hali maqamu ni mwenendo: ina mahali pa kuanzia, mahali pa kupumzika na namna ya kufunga, na hata urefu wa sauti zake hutegemea inakotoka na inakoelekea. Mtunzi alilijua hilo kwa maneno, maana alifundishwa. Lakini karatasi ya nota ina alama moja ya robo toni, na alama ikishaandikwa humshawishi mtu kwamba sauti nayo ni moja. Mpigaji wa ganuni alikuwa na sikah mbili mikononi mwake tangu ujana, na angeulizwa katika mwezi wa kwanza badala ya wiki tatu za mwisho, asubuhi moja ingetosha kulionyesha jambo ambalo baadaye lilikula karibu saa tatu kati ya saa 12 za mazoezi.

Matatizo ya kinubi na nai ni ndugu wa kosa hilo, ila ni wadogo zaidi. Kwa upande wa kinubi, mtunzi alisahau ala ya Ulaya aliyoisoma kwa miaka. Kwa upande wa nai, hakuijua vya kutosha ala ya nyumbani kwao. Hili la pili lilimuumiza zaidi, na nadhani lina maana, kwa kuwa masomo yake yote rasmi yalimtaka aijue kila pedali ya kinubi, lakini hayakumdai aketi na mpigaji wa nai hata siku moja.

Uamuzi wa kumfanya mpigaji mmoja kuwa kipimo ulifaulu, na ulifaulu kwa sababu ulilingana na jinsi vikundi vyetu vinavyofanya kazi. Katika taarab niliyokulia hakuna anayepima senti. Fidla humsikiliza mwenye ganuni. Kilichonishangaza ni kwamba wapigaji waliofundishwa Kizungu ndio waliofurahia zaidi baada ya kuzoea. Mmoja aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alilazimika kusikiliza badala ya kutazama.

Kuhusu kuondolewa kwa sauti zile tatu, sikubaliani na waliosema kwamba hekima ilishinda. Kuacha do na sol chini na wimbo juu ni suluhisho zuri, lakini ni la kale, na kila mpigaji wa udi analijua. Mtunzi alikuwa anatafuta kitu ambacho hakikuwapo. Angepata safu ndogo, labda fidla moja, viola moja na selo moja, wapigaji watatu badala ya ishirini, wenye wiki mbili za kuitafuta sauti hiyo pamoja na ganuni, huenda ingesimama. Kilichoshindikana ni kuipata kwa umati na kwa haraka.

Kuhusu taqsimu, lawama za kuzidisha muda zilimwangukia mpigaji isivyo haki. Aliyempa mtu taqsimu mbele ya hadhira inayosema «Allah!» na kumwekea sekunde 90 ndiye aliyepaswa kuifanya kazi ya redio kwa njia nyingine, mathalani kwa kurekodi mazoezini. Neno lenyewe tarab, yaani ule msisimko wa muziki, ambalo sisi tumelitoa jina la muziki wetu, ni hilo hilo lililotokea ukumbini usiku ule, na halina saa.

## Toleo la pili

Mwaka mmoja na nusu baadaye utunzi huo ulipigwa katika mji mmoja wa Ulaya. Mimi ndiye niliyeandaa nota mpya. Taqsimu haina nota wala muda. Kinubi kimeondolewa kabisa. Vipimo vinane vya nai vimebaki. Juu ya kila sikah, mahali palipokuwa na senti 50, sasa pameandikwa maneno mawili tu: «fuateni ganuni».

Mpigaji wetu wa Cairo hakuweza kusafiri, na ganuni ikapigwa na mwingine, mzaliwa wa Syria anayeishi katika mji huo. Okestra ilitii maandishi, ikamfuata. Sikah yake ilikuwa juu zaidi kuliko ile ya Cairo, kama wafanyavyo wengi wa huko kwao, na sehemu yote ya pili ikapanda nayo na kung'aa kwa namna ambayo hatukuwahi kuisikia. Mtunzi aliletewa rekodi, akaisikiliza mara mbili mbele yangu. Nilishika penseli nikisubiri aniambie niandike nini. Akacheka, akasema kwamba mwaka 1932 watu wazima waliwekwa chumba kimoja kwa ajili ya sauti hii hii na hawakupatana, kisha akafunga kitabu na kunirudishia bila ya kubadilisha chochote.